Fahamu: Uandishi wa kitaaluma ni nini, na kwa nini vyuo huufundisha?

Uandishi wa kitaaluma ni ule unaomlazimu mwandishi kuijenga hoja yake kwa utaratibu, kuithibitisha kwa dalili, na kuyanasibisha maneno ya wengine kwa wenyewe, mpaka msomaji aione njia iliyofuatwa kuifikia natija. Nchini Tanzania hufundishwa zaidi katika somo la Stadi za Mawasiliano.

Lugha tatu za mwanafunzi wa Simiyu

Kijana wa Bariadi au Maswa, ambaye aghalabu hulelewa kwa Kisukuma, kisha akasomeshwa shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, hukuta masomo ya sekondari yakibadilika kuwa ya Kiingereza. Na akifika chuoni hutakiwa aandike tasnifu kwa lugha ambayo nyumbani na sokoni hana haja nayo.

Utafiti umebaini nini?

Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd, walioupima ujuzi wa Kiingereza katika ngazi mbalimbali za elimu nchini, waliukuta dhaifu mno kwa masomo, lakini wakapendekeza Kiingereza kibaki kuwa lugha ya kufundishia. Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro, katika kitabu chao cha 1997 kuhusu mgogoro wa lugha nchini, walielekeza hoja upande wa Kiswahili. Kwa anayefundisha uandishi, hili ndilo jambo zito: insha iliyo dhaifu yaweza kuficha fikra madhubuti, na mwalimu asiyetenganisha kosa la lugha na kosa la hoja humdhulumu mwanafunzi.

Je, Kiswahili chaweza kubeba uandishi wa kitaaluma?

Naam. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hupokea tasnifu za Kiswahili katika taaluma ya lugha hiyo. Masomo mengi mengine yangali ya Kiingereza.