Taa Zako Zisimfumbe Mwenzako Macho

Usiku mmoja mwaka jana nilipanda pikapu ya jirani yangu, tukirudi kutoka mnadani na magunia manane ya mahindi nyuma. Karibu kila dereva aliyekuja mbele yetu alituwashia na kutuzimia taa. Jirani yangu akanung'unika, "Watu hawa hawana adabu! Taa nimekwisha kuzishusha!"

Mara tukasikia kelele. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni ameteleza mtaroni. Tulisimama tukamwinua. Kwa bahati njema hakuumia, wala mtoto. Alisema neno moja tu: "Baba, mmenifumba macho."

Kumbe wakosaji tulikuwa sisi. Gari likipakiwa sana nyuma, springi za nyuma hulala, pua ya gari huinuka, na taa huinuka pamoja nayo.

Kesho yake jioni tulizipima taa zile. Kazi hii hufanyika nyumbani, nayo yataka ukuta, chaki, tepu ya kupimia na bisibisi tu. Njia yake ndiyo hii:

Kwanza, shusha mzigo, jaza matairi upepo wake wa sawa, ulisimamishe gari mahali tambarare likielekea ukuta, dereva akiwa amekaa mahali pake. Kama karibu na usukani kuna kitufe cha kupandisha na kushusha taa, kiweke kwenye sifuri.

Pili, pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, uchore mstari wa kimo hicho ukutani. Chini yake, sentimita 10, chora mstari wa pili.

Tatu, taa ziwe mita 10 kutoka ukutani. Washa mwanga wa chini, si ule wa mbali. Ziba taa moja kwa ubao uliosimamishwa mbele yake, uitazame ya pili. Ukingo wa juu wa mwanga uguse mstari ule wa chini.

Nne, ukiwa juu, tafuta skurubu ya kurekebishia nyuma ya taa, chini ya boneti. Izungushe kidogo kidogo, ukiangalia ukuta na kuhesabu mizunguko, upate kuirudisha ukikosea. Kisha fanya taa ya pili.

Taa za jirani yangu zilikuwa juu hata gari likiwa tupu. Magunia yalizidisha ubaya tu. Basi wenye kitufe wakizeze siku ya mzigo, wazungushe mpaka mwanga ushuke. Asiyekuwa nacho apunguze mzigo.

Jambo moja skurubu haliwezi. Tanzania, Kenya na Uganda twaendesha kushoto, kama Japani. Taa zilizotengenezwa kwa nchi hizi huinua mwanga kidogo upande wa kushoto, zimwonyeshe dereva waendao kwa miguu. Gari lililotengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia, kama Rwanda, Burundi au Kongo, huuinua upande wa kulia, moja kwa moja machoni pa anayekuja. Hapo dawa ni kubadili taa zenyewe.

Nawe dereva, mwenzako akikuwashia taa njiani, usimwite mkosa adabu upesi. Kwanza kaitazame nuru yako ukutani.