Picha niliyokatazwa Nyamata

Shangazi yangu anaishi Ngara, Tanzania, na miguu haimruhusu tena kuvuka Rusumo. Alinipa agizo moja tu: "Mwanangu, nipigie picha ya ndani ya kanisa la Nyamata." Mdogo wake, yaani baba yangu mdogo, aliuawa humo Aprili 1994. Baada ya machafuko ya 1959 ukoo wetu uligawanyika: wengine walihamishiwa Bugesera kwa nguvu, wengine wakakimbilia Tanganyika, ambako nami nilisomea.

Kutoka Kigali ni kilomita 35 hivi kuelekea kusini. Nilipofika mlangoni nikatoa simu. Mwongoza wageni akaniambia kwa upole, "Kaka, nje piga utakavyo. Ndani hapana, mpaka uwe na kibali." Nilikasirika, nakiri. (Ndugu wafanyabiashara mnaopita huko, kibali kiombeni mapema.)

Ndani, nguo za waliouawa zilikuwa zimelazwa juu ya mabenchi, zote zimegeuka rangi ya udongo. Kitambaa cha altare kina madoa ya damu. Bati limetobolewa na vipande vya guruneti, jua likipenya kila tundu. Unesco iliiingiza Nyamata katika Urithi wa Dunia mwaka 2023. Nikajiuliza: kama shati lile ni la baba mdogo, ningependa likae kwenye simu ya nani?

Jioni nikampigia shangazi, nikamsimulia benchi kwa benchi.

"Matundu ya bati ni mengi?"

"Hayahesabiki, shangazi."

Akanyamaza, kisha akauliza kama mvua inaingia.