Sauti ya Mwombaji katika Maelezo Binafsi
Mwanafunzi wetu aombaye nafasi ya shahada ya uzamili katika vyuo vikuu vya Marekani hutakiwa aandike maelezo yake binafsi. Hapo ndipo kalamu humteleza. Ama hujidhalilisha kama mtunzi wa utenzi atakaye radhi kwa upungufu wake, ama hujigamba kama Fumo Liyongo. Wasomaji wake aghalabu ni wahadhiri, si makarani. Watafutacho ni swali na uwezo wa kulichunguza. “Naipenda mno lugha yangu” haiwaambii lolote. “Nilipolinganisha vitenzi vya Kimvita na vya Kiamu, tofauti moja ya njeo ilinishinda kuieleza” yawatosha, kwani yaonyesha kazi na kiu pamoja. Sifa za tabia na waachiwe waandikao barua za kumpendekeza.