Kutoka Kujifunza hadi Kufunzana: Wanafunzi wa Kola katika Miezi ya Masomo ya Mbali

Kitenzi "kujifunza" tumekizoea mno hata hatukichunguzi. Ndani yake mna ji- ya kujirejelea, ile imfanyayo mtenda na mtendwa kuwa mtu mmoja. Ajipendaye huipenda nafsi yake; ajilaumuye lawama zake humrudia mwenyewe. Kwa mujibu wa umbo la neno, basi, ajifunzaye ni mwalimu na ni mwanafunzi kwa wakati mmoja. Kikamba nacho kina muundo uo huo: kũmanya ni kujua, kũmanyĩsya ni kufundisha, na kwĩmanyĩsya, chenye kiambishi chake cha kujirejelea, ni kujifunza. Katika siku za kawaida kiambishi hiki hakisumbui mtu. Twasema mtoto anajifunza ilhali sote twajua kwamba yuko darasani, mbele yake pana ubao, na kando ya ubao pana mwalimu anayebeba sehemu kubwa ya mzigo. Mwaka wa 2020 ulikuja ukaidai ji- hiyo maana yake kamili.

Makala haya yananuia kuwapongeza wanafunzi wa shule za msingi waliodaiwa hivyo, hususan wale wa Kola. Kola ni kituo cha biashara kilicho kusini mwa mji wa Machakos, kwenye barabara iendayo Wote, katika nchi ya vilima, matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, na miembe. Nimeichagua kwa kuwa ni kwetu. Vyuo vikuu vilipoamriwa kufungwa, nami nikiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, nilifunga virago nikarudi nyumbani nikidhani ningekaa wiki tatu. Yale niyasemayo kuhusu watoto ni yale niliyoyaona katika boma letu na maboma mawili matatu ya jirani. Sidai kwamba ni utafiti.

Ikumbukwe mambo yalivyofuatana. Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Jumapili tarehe 15, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba shule za kutwa zifungwe kuanzia kesho yake, za bweni kufikia Jumatano, na vyuo vikuu kufikia Ijumaa. Amri ya kutotoka nje usiku ikaanza tarehe 27 mwezi uo huo. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya ikaandaa vipindi vya masomo katika redio za Shirika la Utangazaji la Kenya, katika runinga na katika intaneti. Hayo ndiyo yaliyoitwa masomo ya mbali, na waliokuwa wakiyazungumzia mijini aghalabu walikuwa na kompyuta na simu akilini.

Kijijini "mbali" ilikuwa na maana nyingine. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba familia zilizokuwa na intaneti nchini kote zilikuwa karibu asilimia 18, na zenye kompyuta hazikufika asilimia 10. Zenye redio zilikuwa karibu asilimia 57. Kwa hivyo kwa mtoto wa Kola masomo ya mbali yalikuwa redio, na redio yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya nyanya, nayo ilikuwa imewekwa kwenye Musyi FM au Mbaitu FM, vituo vya Kikamba, tangu alfajiri, kwa salamu, matangazo ya vifo na bei za mazao. Kumwomba nyanya aiondoe sindano hapo na kuipeleka Redio Taifa ilikuwa shughuli ya kidiplomasia. Wapo waliofaulu kwa kuahidi kuchota maji mitungi miwili zaidi. Katika boma letu makubaliano yalikuwa kwamba vifo visomwe kwanza, kisha masomo. Sijui mpango wowote wa elimu uliokadiria gharama ya namna hiyo, wala ile ya betri zilizoanikwa juani ili zipate uhai wa siku mbili zaidi.

Redio si ngeni katika elimu ya Kenya. Walimu wazee wangali wanavikumbuka vipindi vya redio vya shule. Katika miaka ya mapema ya 1980 palikuwa na mradi wa kufundisha Kiingereza katika madarasa ya chini kwa redio, ambapo sauti ya redioni iliuliza swali kisha ikanyamaza kitambo ili watoto wajibu. Lakini kipindi cha redio cha zamani kilikuwa na sehemu tatu. Mwalimu alilitayarisha darasa kabla, watoto wakasikiliza, kisha mwalimu akarejelea yaliyosemwa, akaandika maneno magumu ubaoni na kusahihisha madaftari. Mwaka wa 2020 sehemu ya kwanza na ya tatu ziliondolewa, ikabaki ile ya katikati peke yake. Redio haijui kwamba penseli imevunjika. Haimwoni mtoto aliyeinua mkono. Ikishasema imesema.

Hapo ndipo penye bidii ninayotaka tuitazame kwa jicho la wanaisimu. Mtoto wa shule ya msingi huko kwetu huanza masomo kwa Kikamba, kwa kuwa sera hutaka lugha ya eneo itumike kufundishia katika shule za vijijini hadi Gredi ya 3. Kiswahili hukifahamu kama somo, na sokoni kama lugha ya wageni na makondakta. Kikamba hakina sauti /r/. Sauti /b/, /d/ na /g/ nazo kwa kawaida huandamana na nazali, ndiyo maana Mkamba hutaniwa kwa kusema "mbamba" akimaanisha baba. Darasani mwalimu humwandikia mtoto neno ubaoni, na jicho likalisaidia sikio. Redioni hakuna jicho.

Mpwa wangu, aliyekuwa Gredi ya 4, alikuwa na daftari aliloliandika wakati wa vipindi hivyo. Nililipitia jioni moja kwa nia ya kusahihisha, kama kawaida yetu sisi wanafunzi wa Kiswahili ambao hatuwezi kuona kosa tukalipita. Nikakuta "kalimbu" pahali pa karibu, "kulundia" pahali pa kurudia, "ngali" pahali pa gari. Kalamu nyekundu nilikuwa nayo mkononi. Kisha nikatambua nilichokuwa nikikisoma. Neno lililonakiliwa kutoka ubaoni huwa sahihi hata kama mwenye kulinakili alikuwa akiwazia mpira. "Kalimbu" haliwezi kunakiliwa kutoka popote. Ni neno lililosikiwa, likapitishwa katika mfumo wa sauti wa lugha ya kwanza, likatafutiwa herufi na mtoto wa miaka kumi aliyeketi juu ya kibuyu kilichopinduliwa, huku sauti ya redioni ikishafika sentensi ya tatu. Kila kosa katika daftari lile lilikuwa ushahidi kwamba alisikiliza. Kalamu niliirudisha mfukoni, tukaketi tukayasoma maneno yale pamoja kwa sauti.

Tarehe 7 Julai 2020, Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka huo wa masomo ungehesabiwa kuwa umepotea, na kwamba shule za msingi na za upili zingefunguliwa Januari 2021. Uamuzi wenyewe ulikuwa na sababu zake na simlaumu aliyeutoa. Neno ndilo lililoniuma. Kilichopotea ni kile kisichopatikana kwa kutafuta, nao watoto niliokuwa nikiwaona walikuwa wametafuta kwa miezi mitatu na ushei. Mmoja aliniuliza kama madaftari sasa yangetupwa. Sikuwa na jibu zuri.

Machakos ilikuwa imekwisha kupewa jina baya zaidi. Mwezi wa Juni vyombo vya habari vilitangaza kwamba wasichana wa shule karibu 4,000 wa kaunti hiyo walikuwa wamepata mimba tangu shule zifungwe. Baadaye ilidhihirika kwamba hesabu ile ilitokana na rekodi za kliniki za Januari hadi Mei, kwa hivyo sehemu yake ilitangulia kufungwa kwa shule, na kwamba ilijumuisha wasichana wa hadi miaka 19, si wote waliokuwa wanafunzi. Sisemi kwamba hapakuwa na madhara. Mimba moja ya mtoto ni nyingi, na waliodhulumiwa walidhulumiwa kweli. Nasema kwamba kwa mwezi mzima msichana yeyote wa Machakos aliyebeba kitabu au mtungi njiani alitazamwa kana kwamba ni mmoja katika hesabu ile. Binti wa jirani yetu, wa darasa la saba, aliacha kuja kusikiliza redio kwetu kwa sababu wapita njia walikuwa wakimkodolea macho tumboni. Naye alikuwa ndiye bora kati yao katika hisabati.

Tukizungumzia hali ya watoto, basi, hatuna budi kuanzia hapo: walijua wanavyosemwa. La pili ni kutengana. Kuanzia tarehe 6 Aprili hadi tarehe 7 Julai 2020 haikuruhusiwa kuingia wala kutoka Nairobi na viunga vyake, na mpaka huo ulilikata eneo la Athi River likabaki upande wa Nairobi, ingawa liko katika kaunti ya Machakos. Baba au mama afanyaye kazi katika viwanda vya huko alikuwa ndani ya kaunti moja na watoto wake walioko Kola, asiweze kuwafikia. Kwa watoto hao masomo hayakuwa ya mbali zaidi ya wazazi. Tatu ni chakula. Aliyezoea kula mchana shuleni sasa alikula kulingana na chungu cha nyumbani, na muthokoi wa watu watano ukagawanywa kwa wanane. Kazi nazo ziliongezeka, maana mtoto asiyekwenda shule huonekana hana kazi: mbuzi wake, maji yake, palizi yake.

Jambo ambalo sikulitarajia lilitokea kati ya Mei na Juni. Watoto waliacha kusikiliza mmoja mmoja. Wenye redio waliketi chini ya mwembe, wasio na redio wakaja, wakakaa mbalimbali kwa kadiri watoto wawezavyo kukaa mbalimbali. Wakagawana kazi pasipo kuambiwa na mtu. Mmoja alishika mwanzo wa kila sentensi, mwingine mwisho wake, na kipindi kilipokwisha waliunganisha vipande na kubishana palipokuwa na mwanya. Yule wa darasa la saba, aliporudi baada ya nyanya kwenda kwao kusema na mama yake, alifanywa mwalimu wa hisabati kwa kauli moja. Aliwachapa kwa maneno tu, lakini walimwogopa. Kufikia Agosti Wizara nayo ilikuwa ikizungumzia walimu kufundisha vikundi vidogo vya watoto karibu na makwao. Watoto walikuwa wametangulia.

Kisarufi, naona kwamba walibadilisha kiambishi. Taifa liliwaachia ji-, nayo ji- ni kiambishi cha upweke: humfungia mtu ndani ya tendo lake. Wao wakaiacha, wakachukua -an- ya kutendana, wakafunzana. Tofauti hii si ya mofolojia pekee. Katika kujifunza, asiyeelewa amekwama na kosa ni lake. Katika kufunzana asiyeelewa huwapa wengine kazi. Wataalamu wetu wanapotafuta istilahi za elimu ya aina hii, wakipima "ujifunzaji wa mbali" na "elimu masafa", yafaa wakumbuke kwamba istilahi zote mbili hupima umbali na mwalimu. Hakuna hata moja ipimayo ukaribu wa watoto wenyewe kwa wenyewe.

Lugha yetu ina tofauti nyingine iliyopaswa kuwafaa. Hongera humpa mtu aliyefika. Pole humpa aliye njiani: pole na kazi, pole na safari, pole kwa kusubiri. Mswahili hangoji mtu amalize ndipo atambue jasho lake. Lakini Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne waliporejea tarehe 12 Oktoba 2020, kitu cha kwanza walichopewa ni majaribio ya Baraza la Mitihani la Kitaifa, ya kupima walikuwa wamebakiza nini. Wengine wote walirudi Januari 2021, wakakutana na kalenda iliyobanwa ili kufidia muda. Darasa la nane walifanya mtihani wao wa KCPE Machi 2021. Hongera zikatolewa kwa walioongoza. Pole, kwa ninavyokumbuka, watu walisahau, nami nikiwa miongoni mwao.

Gredi ya 4 ya mwaka ule ndiyo waliokuwa wa kwanza katika mtaala wa umilisi. Walifanya tathmini ya mwisho wa shule ya msingi Novemba 2022, wakaingia sekondari msingi mwaka wa 2023, na mwaka wa 2025 wakafanya tathmini ya Gredi ya 9. Wamekua. Madaftari yao ya mwaka wa 2020 mengi yamekwisha kuwashia moto au kufungia njugu, na yaliyosalia yamo chini ya vitanda. Ningependa wanachama wa chama chetu wanaotoka mashambani wayaulizie wakienda likizo. Kwa mtafiti wa fonolojia, imla zile ambazo hazikusahihishwa na mwalimu yeyote ni data adimu, na kuwauliza wenyewe namna walivyoziandika kutakuwa pole iliyochelewa.

La mpwa wangu ninalo. Ukurasa wa mwisho una tarehe 9 Oktoba, Ijumaa, siku tatu kabla ya kurejea shuleni. Ameandika kichwa cha kipindi, akakipigia mstari, na chini yake sentensi sita. Katika ya nne neno "kurudi" limeandikwa kwanza "kulundi", likakatwa, likaandikwa tena sawasawa. Mwandiko wa marekebisho si wake. Ni wa binti wa jirani.