Kabla Hujamwita Fundi wa Tovuti

Anayetaka tovuti yake ya kwanza huanza na swali lile lile: nitumie programu gani? Swali zuri, ila limekuja mapema mno. Programu za kutengenezea tovuti zinazaliwa na kufa kila mwaka, na ukichagua isiyokufaa utahama. Jambo ambalo ukilikosea mwanzoni litakutesa kwa miaka ni jina la tovuti: limesajiliwa kwa nani, na nywila zake zimo mikononi mwa nani.

Tumchukue mama mwenye nyumba ya wageni Pangani. Ana vyumba vichache, ukurasa wa Instagram wenye picha za kupendeza na namba ya WhatsApp inayolia kutwa. Wanaompigia wanauliza yale yale. Chumba bei gani? Chai ya asubuhi imo humo? Kutoka Tanga mjini ni mwendo gani, na barabara ikoje mvua ikinyesha? Boti ya kwenda kisiwa cha Maziwe inapatikanaje? Mwenye gari anayetokea upande wa Bweni anavukaje mto? Majibu yote hayo yanaenea kwenye ukurasa mmoja. Instagram haimfai sana kwa kazi hiyo, maana bei aliyoiandika Machi imeshazama chini ya picha za Desemba, na mtu asiye na akaunti hufungua picha mbili tatu kisha anaambiwa ajisajili. Huyu mama anahitaji tovuti, tena ndogo kuliko anavyodhani.

Tovuti yoyote ina sehemu tatu. Ya kwanza ni faili zenyewe, yaani maandishi na picha. Ya pili ni seva, kompyuta inayowaka usiku na mchana ikingoja kuombwa faili hizo. Ya tatu ni jina, ambalo vitabuni huitwa kikoa na mafundi wengi huita domeini. Duniani kote kuna mitambo inayotunza orodha ya majina, kila jina na namba ya seva yake. Ukiihamisha tovuti kwenda seva nyingine, unabadilisha mstari wako kwenye orodha, unasubiri saa kadhaa, pengine siku mbili, habari ibishe hodi kwenye mitambo yote, na mgeni wako hatambui kuwa umehama. Seva unaikodi popote. Jina ndilo linalobaki kwenye kadi za biashara, kwenye kibao cha barabarani na vichwani mwa wateja.

Majina yanayoishia .tz yako chini ya uangalizi wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na Kenya yanayoishia .ke yanasimamiwa na KeNIC, lakini mwananchi hununua kwa kampuni zilizoidhinishwa kuyauza. Tanzania .co.tz ni ya biashara, .or.tz ya taasisi zisizotafuta faida, .me.tz ya mtu binafsi, na ipo hata .hotel.tz ambayo mama wa Pangani angeweza kuifikiria. Jina la .com kwa kawaida hugharimu kama dola 10 hadi 20 kwa mwaka. Usitazame bei ya mwaka wa kwanza peke yake. Wauzaji wengi huishusha ili uingie, kisha mwaka wa pili inapanda. Bei ya kuuliza ni ya kuhuisha.

Sasa mtego wenyewe. Fundi anasema, "Usijali bosi, mimi nitakusajilia," na anasajili kwa jina lake, barua pepe yake na simu yake. Si lazima awe na nia mbaya, mara nyingi ni haraka tu. Baada ya miaka mitatu fundi amebadilisha namba au amehamia Dubai. Taarifa za kulipia zinaingia kwenye barua pepe asiyoifungua, na siku moja tovuti haipo. Jina la .com likishapita muda wake, mara nyingi mwenyewe hupewa siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa kuliko ya kawaida, halafu linarudi sokoni na yeyote aweza kulinunua. Kwa hiyo akaunti ya jina ifunguliwe kwa barua pepe yako, sehemu ya mmiliki liandikwe jina lako au la kampuni yako, na fundi apewe ruhusa ya kufanya kazi yake tu. Hata kama hutajenga tovuti mwaka huu, jina lisajili leo.

Wapo watakaosema jina la bure, lile linalokaa chini ya jina la kampuni nyingine, linatosha. Mwaka 1994 Marekani kulianzishwa GeoCities, ambako mtu yeyote alijijengea kurasa bila malipo. Yahoo ikainunua mwaka 1999, na mwaka 2009 ikaifunga. Mamilioni ya kurasa zilitoweka na anwani zake. Kwa upande mwingine, Blogger iliyoanza mwaka 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003 bado inadunda, na Watanzania wanaikumbuka kupitia Issa Michuzi, aliyefungua blogu yake humo mwaka 2005 na kuwafanya watu wengi waanze siku kwa kuitazama. Blogu ya bure inaweza kufika mbali. Blogger inakuruhusu kuiunganisha na jina ulilonunua mwenyewe bila ada ya ziada, kwa hiyo hakuna sababu ya kujinyima. Google Sites nayo ni hivyo hivyo. Haina mapambo mengi, ila kikundi cha akina mama wa VICOBA au shule ya msingi inayotaka kuweka tarehe za kufungua na orodha ya mahitaji ya wanafunzi itamaliza kazi mchana mmoja.

Njia inayofuata ni huduma kama Wix, ambako unavuta picha na maandishi na kuyaweka unapopataka. Kwa macho, ndiyo inayompa mgeni wa kazi hii matokeo ya haraka kuliko zote. Ukurasa wa bure hubeba tangazo la Wix na anwani yao. Ukitaka jina lako, unalipa kila mwezi au kwa mwaka, kwa dola na kwa kadi. La kujua kabla hujaanza ni kwamba huwezi kuibeba tovuti nzima ukaipandisha kwenye seva ya mtu mwingine. Ukiondoka unajenga upya. Mimi sina ugomvi na hilo kwa duka la keki, ilimradi mwenye duka anajua, na jina amelisajili kando.

Kisha kuna WordPress, iliyotolewa Mei 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, ambayo leo huendesha zaidi ya tovuti 4 kati ya kila 10 duniani. Hapa wanaoanza huchanganyikiwa, maana WordPress ziko mbili. WordPress.com ni huduma inayokutunzia kila kitu na kukulipisha kwa vifurushi. WordPress.org inagawa programu bure, wewe unaiweka kwenye seva uliyokodi. Hiyo ya pili ndiyo mafundi wengi wa kwetu wanayoitumia, na ina nguvu hasa: inafaa gazeti, chuo, duka lenye bidhaa mia. Ila ni gari linalodai servisi. Programu yenyewe, mandhari yake na zile programu jalizi zinazoitwa plagini zote zinatakiwa kusasishwa mara kwa mara, na tovuti nyingi za WordPress zinazovamiwa huvamiwa kupitia plagini iliyoachwa ikachakaa. Ukimlipa fundi akujengee WordPress, muulize palepale nani ataisasisha mwakani na kwa shilingi ngapi. Asipokuwa na jibu, usichukue.

Njia ninayoipendekeza kwa kijana anayetaka kujifunza, na hata kwa mama wa Pangani kama ana mpwa mwenye subira, ni ile ya zamani kuliko zote. Tim Berners-Lee alipoanzisha wavuti pale CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, tovuti ya kwanza ya mwaka 1991 ilikuwa maandishi na viungo basi. Mwaka 1993 CERN ikaiachia dunia nzima teknolojia hiyo bure. Ukurasa ulioandikwa kwa utaratibu ule bado unafunguka kwenye simu ya leo.

Unachohitaji ni programu ya maandishi matupu, kama Notepad iliyomo kwenye kila kompyuta ya Windows. Unaandika maneno yako na kuyazungushia alama za HTML: h1 kwa kichwa, p kwa aya, img kwa picha, a kwa kiungo. Ukihifadhi kwa jina la index.html na kubofya faili mara mbili, kivinjari kinakuonyesha ukurasa wako hata bila intaneti. Alama kumi hivi zinatosha kwa nyumba ya wageni.

Mambo matatu madogo husahauliwa na wengi. Taja lugha ya ukurasa kuwa sw, la sivyo kivinjari kinaweza kukisia vingine, na programu inayomsomea kwa sauti mtu asiyeona itatamka Kiswahili chako kama Kiingereza cha mlevi. Weka mstari wa viewport, unaoiambia simu itumie upana wake halisi. Bila huo, simu hujifanya kompyuta na maandishi yanakuwa madogo kama mchwa. Na majina ya faili yaandike kwa herufi ndogo tupu, bila nafasi. Kwenye Windows, Bahari.JPG na bahari.jpg ni kitu kimoja, lakini seva nyingi zinatumia Linux, ambako ni faili mbili tofauti. Hapo ndipo unapokuta picha zinaonekana nyumbani, zikipandishwa mtandaoni zinageuka viboksi vitupu.

Faili zikiwa tayari, huduma ya GitHub Pages itakuhifadhia bure hadi ukubwa wa gigabaiti 1, na jina lako utaliunganisha. Siku hizi pia unaweza kuiomba programu ya akili mnemba ikuandikie ukurasa mzima kwa Kiswahili, na itafanya vizuri. Soma kila mstari kabla ya kupandisha, maana haioni haya kubuni namba ya simu au saa za kufungua ambazo hukuzitaja.

Picha ndizo zinazoua tovuti nyingi. Picha moja ya simu ya kisasa hufika megabaiti 3 hadi 5. Weka kumi za namna hiyo na mteja amekula bando lake kabla hajaona kitanda. Zipunguze zifike upana wa pikseli 1200 hivi, na nyingi zitashuka chini ya kilobaiti 300 bila jicho kuona tofauti. Halafu jaribu tovuti kwa simu ya bei ya chini, ukiwa mahali mtandao ni dhaifu, badala ya kuitazama kwenye Wi-Fi ya ofisini.

Kitufe cha WhatsApp hutengenezwa kwa kiungo kinachoanza na wa.me kikifuatiwa na namba, lakini namba hiyo huanza na 255 bila alama ya jumlisha na bila sifuri. Ukiandika 07 kama ulivyozoea, hakuna atakayekupata. Cheti cha usalama, kile kinachozuia kivinjari kumwonya mgeni kwamba tovuti si salama, kinatolewa bure na Let's Encrypt tangu Desemba 2015, na kampuni nzuri za seva hukiweka zenyewe. Anayekudai fedha za pembeni kwa ajili ya cheti cha kawaida, mwulize analipia nini.

Kuna upande wa sheria pia. Tanzania ilitunga kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, zikaandikwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022. Ukurasa wa bei za vyumba ni jambo moja, ukianza kuchapisha habari za wilaya ni jingine, na hapo uliza TCRA kuhusu leseni kabla hujachapa neno la kwanza. Iko pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayomgusa yeyote anayekusanya taarifa za watu. Fomu ya kuweka nafasi inayodai nakala ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kadi inamtwisha mwenye nyumba ya wageni mzigo wa kulinda vitu asivyovihitaji. Fomu ikiuliza jina, simu, tarehe ya kufika na idadi ya watu, chumba kinawekwa, na pasipoti mgeni ataionyesha mapokezi.