Ukiongeza Kinga, Unaongeza Nini?

Siku hizi Tanga nzima inauza kinga. Ukishuka stendi, kuna kijana na chupa zake za tangawizi na kitunguu saumu. Watu wakitoka msikitini Ijumaa, bibi mmoja kishatandika unga wa mlonge mlangoni. Simu yangu nayo haimalizi siku bila tangazo la vidonge vya kuongeza kinga ya mwili. Mlonge sina ugomvi nao, ni mboga tamu ukiipikia nazi. Ila nimezeekea kwenye chumba cha chanjo, na kila nikisikia habari ya kuongeza najiuliza: kuongeza nini hasa? Maana nimewauguza watu ambao kinga yao haikuwa na upungufu wowote, na hiyohiyo ndiyo iliyowalaza kitandani.

Mtoto akikanyaga msumari ufukweni, wa kwanza kufika kwenye kidonda ni chembe nyeupe za damu zinazomeza kila kisicho cha mwili. Hazichagui. Humeza, hufa, na mizoga yake ndiyo ule usaha tunaoukamua. Siku mbili tatu baadaye mtoto anachechemea, ukimpapasa unakuta mtoki kinenani. Wazee wakiona mtoki huangalia mguu kwanza, na wako sahihi kabisa. Vipande vya vijidudu vimechukuliwa kutoka kidondani hadi kwenye tezi ile, vikaonyeshwa kwa chembe nyeupe za aina nyingine ziitwazo limfosaiti.

Hapo ndipo penye maajabu. Kila limfosaiti huzaliwa na umbo lake la kushikia, limepangwa kwa bahati nasibu, kabla haijakutana na adui yeyote. Mwilini zimo mabilioni. Nyingi zitakufa bila kukutana na kitu kinachozienea. Lakini zile chache ambazo umbo lake limeafikiana na kijidudu huanza kugawanyika: moja mbili, mbili nne, hadi tezi inavimba. Nyingine hutengeneza kingamwili, protini zinazokwenda kukinasa kijidudu kwenye damu. Nyingine huziua chembe za mwili ambazo virusi vimeshaingia. Kazi hiyo huchukua wiki moja au zaidi, na ndizo siku unazolala unatetemeka. Ukipona, nyingi hufa, chache hubaki na kumbukumbu.

Kumbukumbu hiyo inaweza kuwa ndefu kupindukia. Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe, huko kaskazini mwa Uingereza. Daktari kijana kutoka Denmark, Peter Panum, akaona kwamba wazee waliougua surua ya mwaka 1781 haikuwagusa hata mmoja. Miaka 65 ilikuwa imepita! Malaria, kwa upande wake, haiachi kumbukumbu ya namna hiyo. Vimelea vyake hubadili sura, na ile kinga ya nusunusu tunayoipata kwa kuumwa mara kwa mara hufifia ukikaa mbali navyo. Ndiyo maana ndugu zetu waliohamia Maskati au London wakija likizo, mbu wa nyumbani huwaangusha kama wageni.

Chanjo ni njia ya kuipata kumbukumbu bila kuulipia ugonjwa. Ile ya homa ya ini aina ya B ni protini moja tu ya ganda la kirusi, nayo hutengenezwa na hamira. Ya pepopunda ni sumu ya kijidudu iliyoondolewa ukali wake. BCG, inayoacha kovu begani, ni kijidudu hai cha kifua kikuu cha ng'ombe. Wafaransa Calmette na Guérin walikaa miaka 13 wakikiotesha juu ya viazi na nyongo, kizazi baada ya kizazi, hadi kikasahau kuuma. Mtoto wa kwanza alipewa mwaka 1921.

Kina mama huuliza maswali mazuri kuliko wanavyodhaniwa. "Nesi, kama surua inaua, mbona mnasubiri miezi tisa?" Kwa sababu mtoto huzaliwa na kingamwili za mama yake, zilizopita kwenye kondo la nyuma. Chanjo ya surua ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Ukiitoa mapema, kingamwili za mama zitakimaliza kabla mtoto hajajifunza chochote. Mwingine anauliza mbona sindano ya paja ni wiki ya sita, ya kumi, tena ya kumi na nne. Somo moja halimtoshi mtoto mchanga, kila marudio huziongeza chembe zenye kumbukumbu. Na homa ya usiku ule? Ni mwili unafanya kazi. Ikipanda sana, au isipokwisha, mrudishe kliniki, lakini usimwambie jirani kwamba nesi kampa mtoto ugonjwa.

Aliyenifundisha thamani ya kumbukumbu hii sijapata kumwona. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia. Oktoba 1977 alipanda gari kuwaonyesha njia watu waliokuwa wakiwapeleka watoto wawili wenye ndui kwenye kambi ya kutengea wagonjwa. Safari fupi tu. Ndui ikampata, akawa mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida. Alikuja kusimulia mwenyewe kwamba aliikwepa chanjo kwa kuogopa sindano. Alipona, na miaka mingi baadaye akazunguka vijijini kuwahimiza wazazi wachanje watoto dhidi ya polio. Malaria ndiyo iliyomuua, mwaka 2013, akiwa kwenye kazi hiyo.

Sasa turudi kwenye ile bahati nasibu. Ikiwa maumbo yanapangwa kiholela, lazima yatazaliwa yanayoafikiana na figo yako, ngozi yako, moyo wako. Mwili unalijua hilo. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi iitwayo thaimasi, na hiyo ni kumbi ya jando kali kuliko zote. Limfosaiti changa huonyeshwa humo protini za mwili wenyewe. Inayozishika kwa nguvu huuawa, isiyotambua chochote nayo hufa. Katika mia zinazoingia, zaidi ya tisini hazitoki. Hata hivyo zipo zinazoponyoka.

Mtaani kwetu kulikuwa na binti aliyekuwa hodari wa rede, halafu akaanza kukaa pembeni akihema. Ilianza kwa tonsesi. Kwetu mtoto akiumwa koo wapo wanaomkimbiza akakatwe kimeo, na kimeo hakina kosa lolote. Koo likapoa lenyewe. Wiki kadhaa baadaye magoti yakavimba, kisha kiwiko, watu wakasema amerogwa. Kumbe bakteria wa koo, streptokoka, ana protini inayofanana na sehemu za moyo. Kingamwili na limfosaiti zilizofundishwa kumkabili huyo ziligeukia vali za moyo. Wengine hufika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, vali zikiwa zimeshakunjamana, za kurekebishwa au kubadilishwa kwa upasuaji.

Wako wengine wengi waliogeukwa na kinga yao wenyewe: mtoto ambaye kinga imeziua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, mwenye mbalanga aliyepoteza rangi ya ngozi, mwenye baridi yabisi ambaye vidole vinapinda. Kati ya magonjwa haya ya kinga kumgeukia mwenyewe, lupasi ndiyo yenye hila kuliko yote. Katika wagonjwa kumi, tisa ni wanawake, na kwa kuwa huja na homa na maumivu ya viungo, wengi hutibiwa malaria mara nyingi kabla ya mtu kufikiria jambo jingine. Cha kuchekesha, dawa yake mojawapo, hidroksiklorokwini, ni ndugu wa klorokwini ile iliyotuwasha mwili mzima kabla haijaondolewa kwenye tiba ya malaria nchini mwaka 2001. Dawa nyingine, kama prednisoloni, hupunguza kinga kwa makusudi. Mgonjwa anayezitumia hapaswi kupewa chanjo ya vijidudu hai bila daktari wake kujua, wala asinywe kitu cha chupani kwa kuwa tu kimeandikwa "kinga".

Mnaniuliza, mbona hakuna chanjo ya streptokoka huyu wa koo? Ilijaribiwa. Miaka ya 1960 huko Marekani watoto walichomwa chanjo iliyotokana na protini ileile, wachache wakapata homa ya baridi yabisi inayoharibu moyo, ugonjwa uleule wa binti wa mtaani kwetu. Mwaka 1979 serikali ikazuia chanjo za namna hiyo, na zuio likadumu zaidi ya miaka 25. Leo watafiti wanasaka vipande vya bakteria visivyofanana na moyo, na wana sababu ya kutofanya pupa.

Kwa sasa tunayo penisilini. Aliyekwisha kuumwa moyo kwa njia hii huchomwa kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, sindano nzito inayouma kwelikweli. Asiyeumwa bado, mwenye koo lililovimba, homa na mitoki shingoni, apelekwe zahanati apimwe. Akiandikiwa vidonge vya siku kumi avimalize vyote, hata kama siku ya tatu ameshaanza kuomba mahindi ya kuchoma.