Kwa Nini Mikono Yote Hunyooka: Saikolojia ya Kikao

Mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria mikutano ya kijiji, ya tawi au ya kiwandani anaifahamu hali hii. Hoja inatolewa, Mwenyekiti anauliza kama yupo anayepinga, kimya kinatanda, mikono yote inanyooka, na Katibu anaandika kwamba wajumbe wamekubali kwa kauli moja. Nusu saa baadaye wajumbe wale wale, wakiwa njiani kurudi makwao, wananong'onezana kuwa uamuzi ule ulikuwa mbaya. Fedha za kutengeneza pampu ya maji zimekwenda kujenga ofisi, na hakuna aliyetaka.

Wapo wanaolieleza jambo hili kwa neno moja: unafiki. Maelezo hayo ni mepesi mno, nasi hatuyakubali. Tabia ya binadamu haielezwi kwa kumtukana binadamu. Chanzo chake hutafutwa katika mazingira anamoishi na kutenda.

Mwaka 1951 Solomon Asch, mwanasaikolojia mzaliwa wa Warsaw aliyekuwa akifundisha Chuo cha Swarthmore, Marekani, alitangaza matokeo ya majaribio yake. Aliwakalisha vijana wachache chumbani, akawaonyesha mstari mmoja, kisha mistari mitatu, akawataka waseme kwa sauti ni upi kati ya hiyo mitatu ulio sawa na ule wa kwanza. Jibu lilikuwa wazi hata kwa mtoto. Lakini wote, isipokuwa mmoja, walikuwa wamepangwa na Asch, na katika raundi 12 kati ya 18 walitoa jibu moja la uongo. Yule asiyejua njama alijibu karibu na mwisho. Zaidi kidogo ya theluthi moja ya majibu yake na ya wenzake waliojaribiwa hivyo yalifuata uongo wa wengi, na watatu kati ya kila wanne walifuata walau mara moja. Walipojibu peke yao ni nadra sana kukosea.

Hapa pana jambo la kutazamwa kwa makini. Chumbani mle hamkuwa na bosi, wala adhabu, wala cheo cha kupoteza. Walipohojiwa baadaye, baadhi walisema waliuona ukweli ila hawakutaka kujitenga; wengine walidhani macho yao wenyewe ndiyo yenye kasoro. Hili la pili ndilo zito zaidi. Mkutanoni kila mjumbe anauona ukimya wa wenzake na kuufasiri kuwa ni ridhaa, asijue kuwa nao wanaufasiri ukimya wake vivyo hivyo. Kwa njia hiyo watu mia moja wenye shaka waweza kupitisha jambo lisilotakiwa na hata mmoja wao. Ongeza juu ya hayo Mwenyekiti aliyekwisha kusema anachotaka, na mwananchi ambaye keshokutwa atahitaji barua ya utambulisho kutoka ofisi hiyo hiyo. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea kiburi, dharau na uonevu wa viongozi, na ulikuwa sahihi. Lakini kumwondoa kiongozi mwenye kiburi hakuondoi peke yake ukimya tunaouzungumzia.

Ukimya huvunjwa na nini? Asch alipomweka mtu mmoja tu aliyesema kweli, kule kufuata wengi kulishuka mno. Hata mpinzani aliyekosea kuliko wengi alimpa yule kijana uhuru wa kusema alichokiona. Kwa hiyo mjumbe mbishi, yule ambaye wengi wetu tunamwona kero, anafanya kazi ya maana hata pale anapokosea.

Mwaka 1996 Rod Bond na Peter Smith walilinganisha majaribio 133 ya namna hii kutoka nchi 17, wakaona kwamba kufuata wengi ni kukubwa zaidi katika jamii zinazothamini umoja. Tusikimbilie kuwalaumu wazee wetu kwa hilo. Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu demokrasia na mfumo wa vyama, alieleza demokrasia ya Kiafrika kuwa ni watu kuzungumza mpaka wakubaliane. Kukubaliana kwa aina hiyo huja baada ya mabishano marefu. Kikao cha dakika kumi kinachoishia kwa makofi hakina uhusiano wowote na wazee hao.

Basi Mwenyekiti aseme mwisho, si mwanzo. Wajumbe vijana na akina mama waulizwe kabla ya wakubwa. Na kwa mambo mazito, kama fedha na ardhi, kura ipigwe kwa siri: Asch alipomruhusu kijana aandike jibu lake badala ya kulitamka, kufuata wengi kulipungua sana. Vipande vya karatasi na penseli kwa wajumbe wa halmashauri ya kijiji, hata wakiwa 25, havifikii gharama ya chai ya kikao hicho hicho.